Jicho Linalolia Huku Limekauka: Maumivu ya Macho kwa Wenye Maradhi ya Muda Mrefu

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata siku ya kliniki ya kisukari na shinikizo la damu, pamoja na maswali mawili yaliyofuata



Mada ya leo inahusu maumivu ya macho, hususan yale yanayomjia mtu ambaye tayari anaugua ugonjwa mwingine wa muda mrefu. Maumivu haya aghalabu hayaandikwi popote kwenye kadi ya kliniki. Mgonjwa hayataji kwa kuwa amekuja kupima sukari. Mtoa huduma hayaulizi kwa kuwa foleni ni ndefu na watu wameamka alfajiri. Hivyo mwaka unapita, na wa pili unapita, ilhali mtu anarudi nyumbani kila mwezi na macho yanayochoma.

Kila zahanati inamfahamu mgonjwa wa namna hii. Ni mama wa miaka 50 na ushei, ana kisukari cha miaka mingi, na siku hizi vidole vyake hukakamaa asubuhi. Macho yake huwasha na kuchoma kana kwamba yametiwa mchanga. Asubuhi kope hunata. Ikifika alasiri hawezi kusoma ujumbe wa simu bila kupepesa mara kwa mara, maana maandishi yanakuwa na ukungu, kisha yanasafika, kisha ukungu unarudi. Akitoka nje kwenye upepo wa kiangazi, machozi yanamtiririka mpaka kwenye shavu. Majirani wamemwambia ni moshi wa jikoni. Duka la dawa limemuuzia chupa tatu za matone, za aina tatu, katika miezi mitatu. Akiambiwa kwamba yamkini macho yake yamekauka, hucheka, kisha anaonyesha upande wa kanga uliolowa kwa machozi.

Kicheko hicho kina haki yake, kwa sababu jambo lenyewe linasikika kama kichekesho. Jicho linawezaje kulia huku limekauka?

Jibu limo katika namna machozi yalivyoumbwa. Machozi si maji matupu. Utando unaofunika jicho ni mwembamba mno, na ndani yake vimo vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja. Chini kabisa, karibu na jicho lenyewe, upo ute unaoyafanya maji yashike badala ya kuteleza. Kisha yapo maji, yanayotoka hasa kwenye tezi iliyojificha juu ya jicho upande wa nje, na maji hayo yana chumvi na kinga dhidi ya vijidudu. Juu kabisa yapo mafuta, yanayotoka kwenye vijitundu vidogo vilivyopangana ukingoni mwa kope. Aliyewahi kuacha mchuzi wa nyama upoe anaijua kazi ya mafuta hayo: yakitanda juu, kilicho chini hakikauki upesi. Kila mtu anapopepesa, kope husambaza utando huo upya, na mtu mzima hupepesa takriban mara 15 kwa dakika bila kujua. Akitazama simu au kushona kwa makini, idadi hiyo hushuka hadi nusu au chini ya hapo.

Sasa, utando huo ukipungua au ukivunjika mapema, kioo cha mbele cha jicho hubaki wazi kwa hewa. Kioo hicho hakina mishipa ya damu hata mmoja, lakini kina mishipa ya fahamu iliyosongamana kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Ndiyo maana chembe ya vumbi isiyoonekana humfanya mtu mzima asimame katikati ya barabara. Mishipa hiyo ikihisi ukavu hupiga kelele kwa ubongo, na ubongo huamuru tezi imwage maji. Maji hayo ya dharura huja kwa wingi, ila hayana mafuta wala ute wa kutosha. Hutiririka shavuni na kuliacha jicho kama lilivyokuwa. Mama yule, basi, analia kwa sababu jicho lake ni kavu. Kanga yake iliyolowa ni ushahidi wa ugonjwa uleule anaoukanusha.

Ukavu wa macho unaweza kumpata mtu yeyote, hasa mwenye umri mkubwa na mwanamke aliyekoma hedhi. Kwa wenye maradhi ya muda mrefu, hata hivyo, upo uhusiano wa karibu zaidi.

Katika kisukari, sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya fahamu. Wengi wanaijua habari hiyo kwa upande wa miguu: ganzi, kuchomachoma, kidonda ambacho mtu hakukihisi. Kinachotokea mguuni hutokea pia jichoni. Mwanzoni mishipa ya kioo cha jicho hukereka na kuuma. Baadaye huanza kufa ganzi, na hapo mgonjwa husema macho yamepona. Huo ndio wakati wa hatari kubwa kuliko wote, kwani jicho lisilohisi halipepesi vya kutosha, tezi haipati taarifa ya kutoa maji, na mchubuko mdogo hugeuka kidonda bila mwenyewe kujua. Mwenye kisukari ambaye macho yake yaliuma kwa muda mrefu, kisha yakaacha ghafla bila matibabu yoyote, anayo sababu ya kwenda kupimwa kuliko yule ambaye bado yanamuuma. Upimaji huo, ieleweke, ni tofauti na ule wa pazia la nyuma la jicho, ambao kila mwenye kisukari anapaswa kufanyiwa angalau mara moja kwa mwaka hata kama haumwi chochote.

Katika baridi yabisi, ile inayovimbisha viungo vya mikono yote miwili na kukakamaza vidole asubuhi, kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Mara nyingine hushambulia pia tezi za machozi na za mate. Daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliandika habari hii mwaka 1933 baada ya kuchunguza wanawake 19 wenye macho makavu na kuona kwamba 13 kati yao walikuwa na ugonjwa wa viungo. Ugonjwa huo hadi leo unaitwa kwa jina lake, na wagonjwa wake walio wengi sana ni wanawake. Dalili moja ya nyumbani husaidia kuutilia shaka: mgonjwa hawezi kumeza ugali mkavu au kipande cha muhogo bila kunywa maji, na meno yake yanaoza upesi kuliko umri wake. Mwenye macho makavu, kinywa kikavu na viungo vinavyouma ayataje yote matatu kwa pamoja mbele ya daktari. Akiyataja moja moja, kila moja hupewa dawa yake, na ugonjwa wenyewe hauonekani.

Wapo wengine ambao tezi zao ni nzima lakini kope hazifungi vizuri. Ugonjwa wa tezi ya shingo huweza kuyasukuma macho mbele hadi kope zisikutane. Aliyepooza upande wa uso hulala jicho likiwa nusu wazi. Aliyewahi kuugua ukoma huweza kuwa na matatizo mawili kwa pamoja, kope zisizofunga na jicho lenye ganzi. Na katika maeneo ya Kanda ya Kati ambako vikope, yaani trakoma, vilisumbua vizazi vingi, wapo wazee ambao makovu yamezigeuza kope ndani zikawa zinakwaruza kioo cha jicho. Wao pia husema wanahisi mchanga, na matone pekee hayatawasaidia; upasuaji mdogo wa kope ndio dawa yao.

Kundi la mwisho linahitaji tahadhari katika kulizungumzia, nalo ni la wale wanaokaushwa macho na dawa zao. Vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi hupunguza machozi. Amitriptilini, ambayo wenye kisukari wengi hupewa usiku kwa ajili ya kuchomachoma kwa miguu, hufanya vivyo hivyo. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, zikiwamo zile zinazoongeza mkojo, zimo katika orodha hiyo. Hata matone ya presha ya macho, kwa sababu ya kihifadhi kilichomo, huweza kukera uso wa jicho yakitumiwa kwa miaka. Asitokee mtu wa kutoka katika mkutano huu akatupa dawa zake. Presha ya damu iliyoachwa bila dawa huleta kiharusi, na presha ya macho iliyoachwa huleta upofu usiorudi nyuma. Kinachotakiwa ni kumwambia mtoa huduma, "Tangu nianze dawa hii, macho yananichoma," naye ataona kama kipo cha kubadilishwa.

Vilevile wapo walionusurika mzio mkali wa dawa uliobabua ngozi na kinywa, ambao wakati mwingine husababishwa na dawa zenye salfa. Mzio huo huacha makovu ndani ya kope na macho makavu ya maisha. Hao waende moja kwa moja kwa mtaalamu wa macho. Matibabu ya zahanati hayatawatosha.

Yafaa sasa kuzungumzia yanayofanyika kabla mgonjwa hajafika kituoni, kwa kuwa hapo ndipo macho mengi yanapoharibika.

La kwanza ni matone yanayonunuliwa kwa kukisia. Jicho jekundu linalochoma likipelekwa dukani, mara nyingi hurudi na kiuavijasumu, ambacho hakitibu ukavu. Hilo ni hasara ya fedha. Hasara kubwa zaidi ni matone yenye steroidi. Haya hutuliza wekundu kwa siku mbili, mgonjwa akafurahi na kuyasifu kwa jirani. Yakitumiwa kwa wiki nyingi bila uangalizi huweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho, na kama ndani ya jicho kulikuwa na kidonda cha fangasi au cha virusi, kidonda hicho hupata nafasi ya kusambaa. Steroidi zina kazi yake halali, hata katika ukavu mkali wa macho, mradi ziandikwe na aliyelitazama jicho kwa chombo na atakayelitazama tena.

La pili ni dawa za kienyeji za kutia jichoni: maji ya majani, maziwa ya mama, asali, mkojo, maji ya sukari. Wanaozitumia si wajinga. Wana maumivu, hospitali iko mbali, na bibi alimfundisha mama. Lakini jicho kavu lina michubuko midogo tayari, na kila tone lisilo safi ni vijidudu vilivyopelekwa mlangoni. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba takriban robo ya wagonjwa waliochunguzwa wenye vidonda vya kioo cha jicho walikuwa wametumia dawa za namna hiyo. Kidonda cha kioo kikipona huacha kovu jeupe, na kovu likiwa katikati, mtu haoni tena kwa jicho hilo.

Na kwa kuwa minadani hawakosekani wauzaji wa virutubisho, linafaa neno moja kuhusu vidonge vya mafuta ya samaki vinavyosifiwa kuponya macho makavu. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao DREAM, uliofuatilia watu zaidi ya 500 kwa mwaka mzima. Waliokunywa mafuta ya samaki hawakupata nafuu iliyozidi ya wale waliopewa mafuta ya zeituni bila kujua. Samaki na aendelee kuliwa kwa utamu wake.

Nini basi kifanyike nyumbani? Kukanda kope kwa joto ndiko kunakosaidia wengi, kwa sababu katika watu wengi kasoro iko kwenye mafuta yaliyoganda ukingoni mwa kope. Kitambaa safi hulowekwa kwenye maji ya moto kiasi, hukamuliwa, na kuwekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano hadi kumi, kisha kope husuguliwa taratibu kuelekea ukingoni na kufutwa kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Mwenye kisukari mwenye ganzi mikononi aombe mtu mwingine apime joto la kitambaa hicho kwanza, asije akajiunguza. Jiko la kuni lihamishiwe mahali penye hewa, na mpishi akae upande ambao moshi hauelekei. Kwenye bodaboda, miwani, hata ile ya kawaida ya jua, hupunguza upepo. Anayeshona, kusoma au kutazama simu apumzike na kufumba macho kabisa kila baada ya muda mfupi. Kupepesa nusu nusu hakusambazi kitu.

Kisha yapo matone ya machozi ya bandia, ambayo hulainisha jicho na kwa kawaida hayana madhara. Tone moja linatosha, kwani hata hilo moja ni kubwa kuliko nafasi iliyopo jichoni. La pili hutiririka shavuni pamoja na fedha iliyolinunua. Mwenye dawa nyingine ya matone asubiri dakika tano kati ya moja na nyingine. Chupa iliyofunguliwa kwa kawaida haivuki wiki nne, na haichangiwi na watu wawili. Anayehitaji kutia zaidi ya mara nne kwa siku aulizie aina isiyo na kihifadhi.

Kituoni, uchunguzi wenyewe hauumizi. Kipande chembamba cha karatasi maalumu chenye urefu wa milimita 35 hukunjwa nchani na kuning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika tano, kisha hupimwa machozi yamelowesha kiasi gani. Kikilowa chini ya milimita tano, ukavu ni mkubwa. Kipimo hiki kilibuniwa na daktari Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903, na hadi leo kinatumika. Mtaalamu hutumia pia rangi ya njano inayong'aa chini ya mwanga wa buluu ili kuona palipochubuka. Zahanati haina vifaa hivyo; kazi yake ni kusikiliza, kutazama kope, kupima uoni kwa chati na kuandika rufaa kwenda kituo chenye mtoa huduma za macho. Mgonjwa achukue rufaa hiyo kwa maandishi, na aende na dawa zake zote kwenye mfuko, zikiwamo za macho alizonunua mwenyewe. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wapo katika sera ya msamaha wa gharama. Wakumbuke kubeba kitambulisho chao.

Wapo watakaoambiwa kwamba jicho ni safi, halina mchubuko, na karatasi imelowa vizuri, ilhali maumivu yapo. Wasidhani wameitwa waongo. Mishipa ya fahamu iliyokereka kwa muda mrefu huweza kuendelea kuuma hata uso wa jicho ukiwa umetulia, kama ilivyo kwa miguu ya wenye kisukari. Maumivu ya aina hiyo yana matibabu ya namna nyingine, na ni wajibu wa mgonjwa kurudi na kusema kwamba matone hayakumsaidia.

Zipo hali zisizosubiri siku ya kliniki: uoni uliopungua ghafla, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, mwanga unaoumiza mpaka mtu anajifunika, maumivu makali ya jicho yanayoambatana na kichwa na kutapika, na kwa mwenye baridi yabisi, jicho jekundu lenye maumivu mazito ya ndani yanayomwamsha usiku. Hayo yote ni ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.

Maswali

Mzee mmoja aliuliza kama machozi yatarudi akifanikiwa kushusha sukari yake. Alijibiwa kwamba kushusha sukari huzuia uharibifu usiendelee, lakini mishipa iliyokwisha kufa ganzi hupona polepole, na mingine haiponi. Akashauriwa kuendelea na matone na kupimwa macho yote mawili, likiwamo lile ambalo alisema halimsumbui tena.

Mama mmoja aliuliza iwapo anaweza kuendelea kutumia chupa ya matone aliyonunua mnadani, ambayo ilimpa nafuu. Mtoa huduma aliomba kuiona. Lebo ilionyesha dawa yenye steroidi, na mama alikuwa ameitumia kwa miezi mitano. Aliandikiwa rufaa palepale, akaelekezwa aende na chupa hiyo na apimwe presha ya macho wiki hiyohiyo.